Mzee wa Miaka 18

Katika mji wa Provo, jimbo la Utah, chini ya milima ambayo theluji huivika kilemba cheupe kwa miezi mingi, kipo chuo kikubwa ambamo vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hufundwa dini na lugha kabla ya kutawanywa duniani kuhubiri. Mimi si muumini wa kanisa hilo, kwani nilizaliwa Muheza katika nyumba ya Kianglikana; walakini jirani yangu, alipotambua kuwa Kiswahili ndiyo lugha niliyolelewa nayo, aliniomba niende jioni moja kuketi mbele ya wanafunzi wawili, ili wapate mwenyeji wa lugha wa kusema naye.

Waliingia wamevaa mashati meupe na tai, na kifuani kila mmoja amebandika kibao cheusi chenye neno "Mzee" mbele ya jina lake, ilhali umri wao ulikuwa miaka 18. Yule mrefu alinipa mkono, akasema, "Hujambo, mama? Tungependa kukufundisha kuhusu Yesu Kristo," kisha akafungua kitabu. Ilikuwa wiki yao ya tano ya masomo, na upatanisho wa maneno yake ulikuwa sahihi kiasi cha kunistaajabisha. Ila nilijiona kama mtu aliyeingiliwa nyumbani na wageni wasiopiga hodi.

Niliwasikiliza hadi mwisho, ndipo nikawaambia, "Wanangu, kwetu mtu haanzi na risala yake. Huanza na shikamoo, akaulizia nyumba, na watoto, na mgonjwa kama yupo. Baada ya hayo ndipo huambiwa, 'Haya, lete habari.'" Yule mrefu aliyaandika yote daftarini, na nilipomwuliza juu ya neno lile la kifuani alinieleza kwa taadhima kwamba ni cheo cha ukuhani, wala si hesabu ya miaka.

Haki isemwe: taalimu ya chuo kile ni ya kusifiwa. Chanzo chake ni mwaka 1961, pale vijana waliokuwa wakingoja viza za Meksiko na Ajentina walipokusanywa kufundishwa Kihispania wasije wakakaa bure. Leo hufundishwa humo lugha zaidi ya 50. Mwenye kujifunza lugha ngeni hukaa wiki sita mpaka tisa, na walimu wake aghalabu ni vijana waliokwisha kurudi kutoka utumishi huohuo. Siku imegawanywa kwa saa, mtu haachani na mwenziwe, na tangu mwanzo huhimizwa kusali kwa lugha asiyoijua, hata kama dua yake yote ni maneno manane. Dua hiyo naiheshimu sana, kwa kuwa mtu anayekubali kusimama mbele ya Mola wake kama mtoto asiyejua kusema amekwisha kuvunja sehemu kubwa ya kiburi chake.

Kwetu pwani njia ilikuwa nyingine. Mhubiri Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, mwaka uleule aliomzika mkewe na mtoto wao mchanga, hakukuta darasa; aliketi na wenyeji, na katika kutafsiri kitabu cha Mwanzo alisaidiwa na kadhi wa mji, Mwislamu. Mhubiri mwingine, Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alisikiliza ngano za watu wa mji, akazichapisha mwaka 1870, mwaka uleule alipotoa kitabu chake cha sarufi. Kwa hiyo wahubiri hao walikuwa kwanza wanafunzi wa watu walewale waliokuja kuwafundisha. Na babu yangu, aliyekuwa mwalimu wa kanisa katika vijiji vya Bonde, alinisimulia habari za padri kijana aliyekuja barazani kila jioni, akikosea na kusahihishwa na wazee, hata akajua nani hutangulia kusema, namna ya kukataa chakula pasipo kumvunjia mtu heshima, na maneno ya kupeleka taarifa ya msiba.

Mambo hayo matatu hayapatikani darasani, hata kwa wiki tisa. Walakini nasi tunao upungufu wetu: kwa kuwa lugha tuliipata barazani bila ratiba, tunadhani watoto wetu huku ugenini wataipata vivyo hivyo, kumbe baraza haipo, na mtoto husikia Kiswahili akajibu Kiingereza. Tangu jioni ile nimeweka saa moja nyumbani, kila siku, ya Kiswahili peke yake.

Wiki iliyofuata, nilipoketi tena chuoni, yule kijana alisimama mlangoni, akapiga hodi, nami nikamkaribisha. "Shikamoo, mama. Watoto hawajambo? Na wa Muheza, umepata habari zao?" Nilimwitikia marahaba kwa moyo wote.

Basi ewe msomaji uliye nyumbani, atakapofika mlangoni pako kijana mgeni mwenye neno "Mzee" kifuani, upokee au ukatae ujumbe wake kwa kadiri ya imani yako. Ila usimcheke akiondoka, wala usimsifu uongo. Mkalishe barazani, umsahihishe, kama wazee wetu walivyowasahihisha waliomtangulia. Nawe uliye ugenini, mpe mwanao saa yake leo.