Siku Saba Zilitosha

Niseme mapema tusipotezeane wakati: kati ya filamu tisa za Sadako zilizoonyeshwa kwenye sinema za Japani kutoka 1998 hadi 2022, nzuri ni moja na nusu. Nimezitazama zote. Zingine nimezitazama mara mbili, na si kwa mapenzi. Kazi yangu miaka hiyo ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, na hakuna binadamu anaweza kukaa hivyo bila kutazama kitu.

Lilikuwa duka la muvi, hatua chache kutoka geti la chuo nilichokuwa nimeacha. Unakuja na flashi yako, unasema unataka nini, nakuwekea. Muvi moja shilingi 20, msimu mzima wa siriz 50. Zilizouza zaidi ni zile za DJ Afro, za Kikorea, na chochote chenye magari yanayopinduka. Za kutisha zilikuwa za wikendi. Mtu akiitisha "ile ya Kijapani, ya dem wa nywele," nilimuuliza kwanza kama ameona Ringu ya 1998. Kama hajaona, nilimwekea hiyo hata kama alikuja kutafuta mpya. Wengi walirudi na malalamiko. "Bro, saa moja na nusu nangoja mzuka, halafu anatokea mara moja tu?"

Ndiyo, mara moja tu. Na sura yake huioni. Unaona jicho moja. Mwigizaji, Rie Inō, alitembea kinyumenyume, kisha filamu ikageuzwa ili aonekane anakuja mbele. Ndiyo maana mwendo wake unakusumbua kabla hujajua kinachokusumbua: miguu inafanya kitu ambacho miguu haifanyi. Hakuna kompyuta hapo, hakuna pesa nyingi. Ni mwanamke anayetembea vibaya ndani ya chumba cha kawaida chenye tivi, na wewe uko kwenye chumba cha kawaida chenye tivi.

Lakini sikuwa nakataa kuwauzia watu hizo zingine kwa sababu ya mwendo. Ni kwa sababu ya mwisho, na mwisho lazima niueleze. (Filamu ina zaidi ya miaka 25. Usinilaumu.)

Mwandishi wa habari, Reiko Asakawa, anachunguza kaseti ya video ambayo ukiitazama, simu inalia, na baada ya siku saba unakufa. Anaitazama. Aliyekuwa mume wake, Ryuji, anaitazama pia ili amsaidie. Kisha mtoto wao mdogo, Yoichi, anaipata na kuitazama usiku watu wazima wakiwa wamelala. Reiko na Ryuji wanafuata nyayo mpaka kwenye kisima ambamo binti anayeitwa Sadako alitupwa, wanatoa mifupa yake, na siku ya saba ya Reiko inapita akiwa hai. Yameisha, si ndiyo? Msichana ameopolewa, roho imetulia, twende nyumbani. Filamu nyingi zingeishia hapo. Kesho yake, Sadako anatoka kwenye tivi ya Ryuji na kumuua.

Kwa hivyo mifupa haikuwa na maana yoyote. Reiko anakaa chini akijiuliza ni kitu gani yeye alifanya ambacho Ryuji hakufanya, na jibu ni dogo sana: alinakili kaseti na kumpa mtu mwingine aitazame. Basi. Sadako hataki haki, hataki maombi. Anataka nakala. Na Yoichi naye bado ana siku zake zinazohesabika. Reiko anapakia deki ya video kwenye gari, anampigia babake simu na kumwambia yuko njiani, kuna jambo anataka amsaidie, kwa ajili ya Yoichi. Gari linaenda. Filamu inaisha.

Mara ya kwanza kuona hiyo simu, nilisimamisha kompyuta na kwenda kusimama nje ya duka.

Karo yangu haikuwahi kulipwa na mtu mmoja. Ilizunguka. Semista ya kwanza ililipwa na mama, kwa pesa za chama zamu yake ilipofika. Ya pili ikamwangukia kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa ameanza kazi kwenye godauni Industrial Area na alikuwa akiweka kidogo kidogo ili arudi kufanya diploma. Hiyo diploma hajaifanya hadi leo. Mwaka wa pili ulipofika, akabaki guka, kule Murang'a.

Mama alimpigia Alhamisi jioni, mimi nikiwa kando yake. Walisalimiana kwa urefu kama kawaida yao. Akaulizia mvua, akaulizia mguu wake, akaulizia ng'ombe. Kisha akamwambia kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini ambayo huitumia kwa babake peke yake: "Baba, Jumamosi tutakuja kukuona, mimi na kijana. Kuna kitu tunataka tuongee." Hakusema ni kitu gani. Guka akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Njooni tu."

Alikuwa anajua. Mzee wa umri wake akiambiwa kuna kitu cha kuongea, anajua ni ng'ombe.

Ng'ombe aliuzwa na akanunua semista moja. Baada ya hapo, aliyebaki kwenye foleni alikuwa dada yangu mdogo, aliyekuwa amemaliza darasa la nane na anangoja kuingia kidato cha kwanza. Nikaacha chuo Januari 2019. Duka lilinilipa shilingi 400 kwa siku, na sehemu ya hizo 400 ikawa karo yake. Wiki yangu ya pili dukani ndiyo niliyoona Ringu, na nilivyomwona huyo mwanamke ndani ya gari na deki yake, sikumwona kama mhusika wa filamu ya kutisha. Nilimwona mama kwenye matatu ya Murang'a, kibeti kwenye mapaja, akitazama dirishani safari nzima.

Hiki ndicho kitu ambacho filamu zilizofuata zilikitupa. Laana ya Sadako inakulazimisha ushike kitu mkononi na ufikirie jina la mtu. Nani? Babangu, kwa kuwa ni mzee na anampenda mjukuu wake? Jirani? Mtu nisiyempenda? Na huyo utakayempa, yeye atampa nani? Kuogopa mzuka ni rahisi, unafunga macho. Kuogopa orodha ya watu unaowapenda ni kitu kingine.

Wajapani wenyewe walianza kupotea siku ileile ya kwanza, na hii ndiyo sehemu ya hadithi inayonichekesha zaidi. Januari 1998, Ringu ya Hideo Nakata ilitoka pamoja na mwendelezo wake, Rasen, ulioongozwa na Jōji Iida. Filamu mbili, tiketi moja. Rasen ilifuata riwaya ya pili ya Kōji Suzuki, ambamo laana inaelezwa kama virusi, na daktari anapasua maiti na kusoma ujumbe ndani ya DNA. Watu walitoka wakizungumzia ya kwanza na kuisahau ya pili kabisa, hadi watayarishaji wakaamua kutengeneza mwendelezo mwingine kana kwamba Rasen haikuwahi kuwepo. Mwendelezo ulifutwa na mwendelezo.

Huo mpya ni Ring 2 ya 1999, Nakata tena, na hapo ndipo ile nusu yangu ilipo. Sehemu kubwa yake ni upuzi wa maabara: daktari anataka kuvuta nguvu za laana kutoka kwa mtoto na kuzimwaga kwenye bwawa la kuogelea. Walai, bwawa la kuogelea. Lakini kuna msichana wa shule ndani yake, Kanae, anayempa mwandishi wa habari, Okazaki, nakala ya kaseti. Anamwambia ameshaitazama, kwa hivyo lazima yeye naye aitazame. Okazaki anaahidi. Kisha anaenda ofisini, anaingiwa na woga, anaficha kaseti kwenye droo. Kanae anakufa akiwa amemngoja.

Hakuna mzuka kwenye hiyo droo. Ni mtu aliyesema ndiyo. Kila familia ina Okazaki wake. Wetu ni mjomba aliyesimama kwenye sherehe ya kuniaga nikienda chuo, akachukua maikrofoni, akaahidi mwaka mzima wa karo mbele ya mchungaji na watu wa mtaa. Watu walipiga makofi. Simu yake tangu hapo ni mteja hapatikani, ila status za WhatsApp anaweka.

Ring 0 ya 2000 inaturudisha kwa Sadako akiwa msichana mwenye haya kwenye kikundi cha maigizo. Yukie Nakama anaigiza vizuri, unamhurumia kweli, na huo ndio mwisho wa kumwogopa. Sina mengi zaidi ya kusema juu yake.

Kisha kimya cha miaka kumi na kitu, halafu Sadako 3D, 2012. Laana sasa ni video ya intaneti. Sadako anatoka kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye skrini yoyote iliyo karibu, na kuna majimama yenye miguu mirefu ya wadudu yanayokimbiza watu. Ukiitazama kwenye kompyuta ya duka bila ile miwani ya 3D, unaona tu mikono na nywele zikirushwa kwenye kamera kila dakika chache, kama mtu anayekuuzia maji kwenye dirisha la matatu. Wakati wa kuitangaza, Sadako alipelekwa kwenye mechi ya besiboli kurusha mpira wa kwanza. Mwaka uliofuata wakaleta ya pili. Nimeiona, tuendelee.

Mtu anaweza kusema walikuwa wanaenda na wakati: kaseti zimeisha, lazima laana ihamie intaneti. Sawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nanakili muvi sekunde chache, navuta na kuachilia, na sikuwahi kufikiria juu ya mtu yeyote niliyemwekea. Na hapo ndipo shida ilipo. Sote tumepokea zile jumbe za tuma kwa watu kumi au utapata mkosi. Tunazitupa kwenye grupu na kulala usingizi mzuri, kwa sababu grupu si mtu. Video iliyo mtandaoni haijapewa mtu na mtu. Umeikuta tu. Hakuna Reiko, hakuna gari, hakuna mzee anayesema njooni tu. Kumebaki nywele.

Ile ya 2016, Sadako vs Kayako, ilianza kama utani wa Siku ya Wajinga, kisha ikatengenezwa kweli. Hapo siku saba zimekuwa mbili. Nakiri ilinifurahisha. Kōji Shiraishi anajua anafanya mchezo, na mpango wa kupiganisha laana mbili ili ziuane ni wa kijinga kwa namna ya kupendeza. Wateja waliipenda kuliko zote. Ile ya 2019, Sadako, ndiyo iliniuma, kwa kuwa Nakata mwenyewe alirudi. Kijana wa YouTube anaenda kurekodi kwenye nyumba iliyoungua ili apate watazamaji, na nikasema haya sasa, mzee amerudi na kitu cha kusema juu ya watu wanaohitaji kutazamwa. Hakuwa nacho. Anatembea kwenye vyumba vyake vya zamani akigusa samani.

Halafu Sadako DX, 2022. Dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, duka lilikuwa linakufa kwa sababu kila mtu ana bando na anajipakulia mwenyewe, na tuliitazama pamoja kwenye kompyuta ileile. Muda sasa ni saa 24. Mhusika mkuu ni mwanafunzi wa chuo mwenye IQ 200. Ni kichekesho zaidi ya kitisho, na dawa wanayoipata mwishoni ni kwamba uitazame tena video kila siku kabla ya saa 24 kuisha. Leo, kesho, keshokutwa, hadi uzeeke. Kama mtu anayekopa kwa simu leo alipe deni la jana.

Dada yangu alifikiria kidogo. "Kwa hivyo hapa hakuna mtu anapea mwingine?"

"Hakuna. Kila mtu na yake."

"Basi hiyo ni afadhali," akasema. "Mimi ningechagua hiyo."

Sikuwa na jibu la haraka, na bado nalitafuta. Kama filamu, DX ni mbovu. Haina hata tukio moja ninalolikumbuka bila kufunga macho na kujilazimisha. Lakini yeye ndiye alikuwa anasubiri matokeo ya mtihani wiki hizo, na alikuwa anajua vizuri nani anafuata kupigiwa simu matokeo yakiwa mazuri. Alipata B. Nilipiga mwenyewe, kwa kaka. Hakuuliza ni kitu gani. Guka hatukumpigia. Hana ng'ombe tena, siku hizi ananunua maziwa ya pakiti kwenye duka la barabarani na kulalamika kwamba yana maji.

Duka lilifungwa 2023, nikabaki na hadi diski moja ya zamani. Juzi msee mmoja aliniomba zile za Sadako zote, nikamwambia ninazo mbili tu. Saba nilizifuta kutafuta nafasi. Ring 2 nimeiacha kwa sababu ya yule msichana wa shule, na ukitaka nitakutumia, ila ile ya bwawa unaweza kuruka.