Moto na Baridi Juu ya Paa la Denver

Dar es Salaam fundi wa viyoyozi kama mimi hana habari na moto. Kazi yake ni kutoa joto chumbani na kulitupa nje, mwaka mzima, na malalamiko ya mteja huwa ni yale yale: hakipozi. Ndiyo maana mjomba, fundi wa mashine hizo mjini Denver, aliponialika Colorado, akasisitiza nifike Oktoba, mafundi wa huko wanapoandaa mashine kwa majira ya baridi, nilifunga mzigo nikiwa na hamu ya kuona mashine inayopoza kiangazi na kuchoma gesi wakati wa theluji.

Denver iko futi 5,280 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 1,609. Mtu wa pwani huupata ujumbe huo kifuani kabla hajausoma popote. Ghorofa moja tu ya ngazi, unahema. Hewa ya pale ni nyepesi; presha yake iko chini kwa takriban asilimia 17 kuliko ya kwetu. Mjomba alinipa maji, akaniacha nitulie, halafu akasema, "Unavyohema wewe, mpwa wangu, na moto nao unahema hivyo hivyo."

Alinichukua kama mtazamaji hadi kwenye duka la vyakula. Wenye duka walikuwa wakilalamika kwamba joto linakuja dakika chache, linakata, linarudi tena. Tulipanda paani kwa ngazi ya chuma. Paa lilikuwa tambarare, na upande wa magharibi milima ya Rocky ilikuwa na weupe vileleni. Mbele yetu lilikaa sanduku kubwa la bati: mashine ya tani 10. Fundi wa kwetu ataelewa haraka nikisema kile kiyoyozi cha chumbani cha Btu 12,000 ndicho tani moja. Hapo palikuwa na kumi, na upande wa pili wa sanduku hilo hilo kulikuwa na vichomeo vya gesi.

Mjomba alizima umeme kwenye swichi kuu, akaitia kufuli lake mwenyewe na kuweka ufunguo mfukoni. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la gesi, kama tunavyofanya kwenye mtungi wa kupikia. Gesi asilia yenyewe haina harufu, ule mnuko huongezwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyovuja bila mtu kuinusa, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto, na baada ya hapo sheria ikalazimisha gesi itiwe harufu. Mjomba alinisimulia habari hiyo huku macho yake yakiwa kwenye povu. Hakuna lililovimba.

Aliporudisha umeme, aliniambia nichungulie na nisiguse. Kwanza ikaanza feni ndogo ya kuvuta moshi. Swichi ya presha ikathibitisha kwamba moshi una njia ya kutoka; isingethibitisha, yote yangeishia hapo. Kisha zikaruka cheche, vali ikafunguka, na moto wa buluu ukakimbia kutoka kichomeo cha kwanza hadi cha mwisho. Kwenye kichomeo hicho cha mwisho kuna kijiti chembamba cha chuma kilichozama ndani ya ndimi za moto. Moto hupitisha umeme kidogo sana, unaopimwa kwa sehemu za milioni za ampea, na kwa umeme huo ubao wa mashine hujua kwamba gesi inaungua kweli. Usipouona kwa sekunde chache, unafunga vali. Kijiti kikishika masizi, duka zima linakosa joto. Baadaye mjomba alikichomoa, akakisugua taratibu mpaka kikang'aa, akakirudisha.

Kisha akaunganisha manometa. Gesi iliyokuwa ikienda kwenye vichomeo ilisoma inchi 3.5 za maji, presha ndogo mno, kiasi cha sehemu moja ya mia ya uzito wa hewa inayotukandamiza. Hapa ndipo mwinuko unapodai haki yake. Hewa nyepesi ina oksijeni kidogo, kwa hiyo gesi ikiachwa itoke kama ya pwani, moto unakosa pumzi na kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kanuni ya mafundi ni kupunguza nguvu ya moto kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000, jengo likiwa zaidi ya futi 2,000 juu ya bahari. Kwa Denver hiyo ni kama asilimia 20. Mashine hii ilikuwa imeshafungwa nozeli ndogo za mwinuko, na gesi haikuwa na kasoro.

Kasoro ilikuwa kwenye hewa. Mjomba alipima hewa inayoingia na inayotoka: tofauti ilikuwa nyuzi 67 za Fahrenheit, na kibao cha kiwandani kinaruhusu 35 hadi 65. Ndani ya mlango mafundi waliotangulia walikuwa wameandika vipimo vyao kwa kalamu nzito: 51, kisha 55, kisha 60. Joto lilikuwa likipanda mwaka hadi mwaka, mpaka swichi ya usalama ikaanza kukata moto. Fundi mvivu angepunguza gesi, namba zikapendeza, na mirija ya moto ikaendelea kukosa hewa ya kuipoza.

Hewa ya dukani hupita filta, halafu koili ya baridi, halafu feni, ndipo ifike kwenye mirija ya moto. Koili ya baridi ndiyo kazi yangu. Niliomba tochi nikaimulika upande wa filta. Mapezi ya alumini yalikuwa yamezibwa na ukoga wa kijivu, vumbi la unga wa mikate inayookwa pale dukani. Kumbe ubaridi wa kiangazi ndio uliokuwa ukikaba moto wa Oktoba!

Umeme ulizimwa tena, koili ikapigwa dawa ya povu na kusuuzwa kwa maji ya polepole hadi yakatoka meupe. Kipimo kilichofuata kilikuwa 52. Kaboni monoksidi kwenye hewa ya dukani ilikuwa sifuri. Mchana jua lilipokolea tukawasha na kompresa, bomba la kurudi likatoka jasho la baridi kama inavyopaswa.

Mjomba aliandika 52 chini ya 60, halafu akazipima filta kwa futi. Zilikuwa fupi, zimeacha mwanya wa upana wa kidole pembeni, na unga wote ulikuwa ukipenya hapo. Alishuka kwenda kumwambia mwenye duka aagize saizi inayostahili.