Mkwaruzo wa Sauti

Daktari wa sauti ana mizani mbili: chombo na sikio. Chombo hupima jinsi kila mtetemo wa nyuzi za sauti unavyotofautiana na uliotangulia kwa muda na kwa nguvu. Sikio, kwa kipimo kilichoasisiwa Japani, hutoa alama 0 hadi 3 kwa mkwaruzo, pumzi inayovuja, unyonge na mkazo. Kwa mizani hizo, sauti ya uzeeni ya Bi Kidude, aliyefariki dunia mwaka 2013, pengine ingehesabiwa mbovu; nayo ndiyo iliyompatia tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Muadhini aliyepotewa na sauti hutafutiwa dawa, na ni haki yake. Lakini Unguja ilipomsikiliza bibi yule, mkwaruzo haukuwa maradhi. Ulikuwa umri, msondo na unyago.