Msukule Hapigi Hodi



Mwezi Mei 2020 nilikuwa Tunduma. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na badala ya kubaki Mbeya katika nyumba ya kupanga nikaona heri niende kwa dada yangu, nimsaidie kuwasimamia watoto ambao nao hawakuwa na shule. Nyumba yake haiko mbali na barabara kuu iendayo Zambia. Imezungushiwa ukuta wa matofali uliopandwa vipande vya chupa juu yake, na ina geti la chuma linalofungwa kwa komeo mbili na kufuli. Mwenyeji wa Tunduma hatashangaa kusikia hivyo. Mji wa mpakani hupitiwa na watu usiku na mchana, na kila mwenye nyumba hujilinda kadiri ya mfuko wake.

Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka 11 wakati ule, alikuwa akishinda na simu ya mama yake akicheza Minecraft. Siku za mwanzo nilimkemea. Baadaye, kwa kukosa kazi, nikaketi karibu yake nitazame. Ni ulimwengu uliojengwa kwa vipande mfano wa matofali. Mchana mchezaji hukata miti, huchimba chuma na kupanda ngano. Jua likizama, mazombi hutokea gizani na kuanza kumtafuta. Anayetaka kuiona asubuhi sharti awe amejenga mahali pa kujihifadhi.

Kilichonivutia ni hesabu iliyomo ndani ya mchezo huo. Ukijenga ngome isiyo na mlango, hakuna zombi atakayekufikia, lakini hutavuna ngano wala hutapata chuma, na mwishowe njaa itakutoa nje. Ukiuacha mlango wazi, hutafika alfajiri. Waliouunda wanaijua mizani hiyo, ndiyo maana wakaweka viwango vinne vya ugumu. Katika kiwango kigumu kabisa, mazombi huweza hata kuvunja mlango wa mbao. Kiwango cha chini kabisa huitwa Amani: ukikichagua, maadui wote hutoweka papo hapo na njaa haikuumi tena. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini hachezi katika Amani. Akanijibu bila kuinua macho:

“Mjomba, kule hujawashinda. Umewazima tu.”

Nilicheka. Sikujua kwamba wiki ileile jibu lake lingenirudia kwa namna nyingine.

Mei 9, Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 wa korona, na kati yao 76 walikuwa wa Nakonde. Kwa msomaji asiyeufahamu mpaka wetu, Nakonde ni ng’ambo ya pili tu. Mtu huenda huko kwa miguu kununua bidhaa, kuzika, kuoa, kisha akarudi kulala kwake. Shilingi na kwacha huzoeana mikononi mwa wachuuzi. Kwa hiyo ugonjwa ulioonekana Nakonde ulikuwa umeonekana nyumbani, hata kama vitabu vya serikali viliuandika upande mmoja. Kesho yake Rais Edgar Lungu akatangaza kuufunga mpaka huo. Kituo cha Huduma za Pamoja, ambacho yeye na Rais John Magufuli walikuwa wamekizindua Oktoba 2019 ili kuharakisha uvukaji, kikanyamaza kabla hakijatimiza mwaka. Malori yakasimama, na foleni ikarudi nyuma kuelekea Mpemba.

Upande wetu mambo yalikuwa tofauti. Takwimu za mwisho za taifa zilikuwa zimetolewa mwishoni mwa Aprili, wagonjwa 480, kisha kukawa kimya. Masoko yaliendelea, baa ziliendelea, na aliyeuliza idadi ya wagonjwa alionekana mtu wa kutia watu hofu. Mji mmoja wenye bendera mbili ukawa unachezwa katika viwango viwili kwa wakati mmoja: ng’ambo, ngome iliyoziba mlango wake, huku kwetu, Amani, ambamo adui amezimwa katika mipangilio.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, ambalo kwa muda mrefu sikupenda kulisimulia.

Usiku wa pili au wa tatu wa foleni ile, yapata saa nne, geti liligongwa. Dada alikuwa amekwisha kulala. Nikatoka hadi uani, nikasimama mbali kidogo na geti.

“Hodi! Hodi wenyewe!”

“Nani?”

“Dereva, mzee. Shikamoo. Tumesimama hapo barabarani tangu juzi. Naomba maji tu, hata kidumu kimoja. Utingo wangu ana homa.”

Neno homa lilinikausha koo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la lita 2,000, limejaa. Maji ni taabu ya siku nyingi Tunduma, na dada yangu alikuwa mtu wa kujiwekea akiba. Nikamjibu kwamba hakuna maji. Kukawa kimya kidogo, kisha yule mtu akasema, “Haya mzee, usiku mwema,” na nikasikia ndala zake zikiburuzika kwenye changarawe kurudi barabarani.

Nilipogeuka, mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni.

“Mjomba, lakini tangi limejaa.”

Nikamweleza kwamba watu wa malori ndio wanaosambaza ugonjwa, na kwamba kazi ya mkubwa ni kuilinda nyumba. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

“Ila mazombi huwa hawapigi hodi,” akasema, kisha akaenda kulala.

Mimi sikulala. Zombi wa mchezo yule, kwa lugha ya mitaani kwetu, ni msukule, na nikiwa kitandani nilianza kukumbuka hadithi za misukule tulizosimuliwa utotoni. Sisemi kwamba misukule wapo. Nayajua madhara ya imani hizo, na nawajua wazee waliosingiziwa na kuonewa kwa sababu yake. Lakini tazama hadithi yenyewe inasema nini. Msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe amefichwa. Usiku hulima shamba la tajiri. Halipwi, hulishwa pumba, na ulimi wake umefungwa asiweze kuwaita ndugu zake. Msukule wa hadithi zetu havamii nyumba ya mtu. Yeye ndiye aliyevamiwa, na ndugu zake hulia wakitaka arudi.

Ndivyo alivyokuwa pia zombi alikoanzia, nchini Haiti, nchi ya miwa na utumwa. Alikuwa maiti aliyeinuliwa kaburini ili aendelee kumtumikia bwana: hofu ya mtumwa kwamba hata kifo hakitampumzisha. Ni sinema ya Marekani ya mwaka 1968, Night of the Living Dead ya George Romero, iliyowageuza wafu kuwa kundi lenye njaa linalozingira nyumba ya walio hai, na michezo ya video ikarithi picha hiyo. Mfanyakazi akawa mvamizi. Tuliokuwa tukimsikitikia tukafundishwa kumlenga.

Sasa fikiria dereva wa lori. Shaba ya Zambia na ya Kongo hupita mikononi mwake kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mafuta na bidhaa nyingine hurudi kwa njia hiyohiyo. Hufanya kazi usiku, hupika kando ya barabara, na tandiko lake mara nyingi ni chini ya trela. Tangu Mkoa wa Songwe uzaliwe mwaka 2016, hakuna kiongozi aliyeuhutubia bila kuutaja mpaka wa Tunduma na mapato yake. Mapato hayo hayatembei yenyewe; huendeshwa na mtu. Alipokuwa akipita tulimwita mdau wa uchumi. Aliposimama akaomba maji, mimi, mhadhiri ninayefundisha vijana habari za haki na utu, nilimwona mzuka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mipaka isifungwe kamwe. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, wagonjwa 76 wa Nakonde walikuwa watu, na ni kweli kwamba magonjwa husafiri barabarani pamoja na mizigo. Serikali isiyolinda watu wake imeshindwa kazi yake ya kwanza. Aidha, sisemi kwamba hofu yangu ya usiku ule ilikuwa ya kipumbavu. Ndani ya nyumba kulikuwa na watoto na dada mwenye pumu. Ninachosema ni kwamba ukuta na Amani, ambavyo tulivizungumza kama njia mbili zinazopingana, vina kasoro moja: vyote viwili humwezesha mtu asitazame. Aliyefunga geti hahitaji kujua nani yuko nje. Aliyemzima adui katika mipangilio naye hahitaji kujua nani anaumwa. Katika hali zote mbili utingo mwenye homa anabaki chini ya lori, na hakuna anayejua kama ana korona au malaria au uchovu wa safari.

Siku chache baadaye mpwa wangu alinionyesha ngome aliyoipenda kuliko zote. Nilitarajia kuta ndefu. Haikuwa nazo. Ukuta wake ulikuwa wa kimo cha mtu, una mlango, na pande zote, ndani na nje, mpaka mashambani, alikuwa amepanda mienge. Akanifafanulia kwamba katika mchezo ule mazombi hutokea palipo na giza. Ukuta humzuia zombi aliyekwisha kutokea, bali mwanga humzuia asitokee karibu nawe. Akaniambia pia kwamba mwanakijiji aliyeuawa na zombi akageuka zombi huweza kuponywa, kwa dawa ya kumdhoofisha pamoja na tufaha la dhahabu. Tufaha hilo ni la gharama, nayo dawa huchukua muda. Wachezaji wengi huona ni rahisi zaidi kumuua.

Katika uendeshaji wa nchi mwanga huo una majina ya kawaida kabisa: vipimo, takwimu zinazotangazwa, ofisa anayeruhusiwa kusema alichokiona, kituo ambapo dereva anapimwa na kupewa jibu, bomba la maji na choo mahali malori yanaposimama. Hivi si vitu vya ajabu, na havimpi kiongozi picha nzuri kama kukagua geti jipya. Lakini bila hivyo mlinzi hana namna ya kumtofautisha mgonjwa na mzima, mhalifu na mwombaji, na asiyeweza kutofautisha hubaki na maamuzi mawili tu, kuwafungia wote au kuwafungulia wote. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanalijua jambo hili kuliko mimi. Wengine wao walikuwepo mpakani siku zile, na najua kuna waliojaribu.

Asubuhi iliyofuata usiku ule nilimsimulia dada. Hakunigombeza. Aliuliza tu, “Kwa nini hukuniamsha?” Kisha akajaza vidumu vinne, akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akanipa viwili, na mwanawe akabeba kile kidogo. Tulikwenda hadi barabarani. Foleni ilikuwa imesogezwa usiku kwa amri ya trafiki, na malori yaliyokuwa mbele ya nyumba yetu hayakuwepo tena. Tuliuliza habari za dereva mwenye utingo anayeumwa. Mmoja alituelekeza mbele, mwingine nyuma. Hatukumpata. Maji tukawapa waliokuwepo, tukiyaweka chini na kurudi hatua kadhaa ili wayachukue, nao wakatushukuru kwa mbali. Haikuwa vigumu, wala haikuhitaji ujasiri wowote. Ilihitaji umbali wa hatua chache na mtu wa kuuliza.

Mpaka ulifunguliwa kwa mizigo siku chache baadaye, na Juni vyuo vikafunguliwa nami nikarudi kufundisha. Mpwa wangu sasa ni kijana wa sekondari na ameuacha mchezo ule. Ukuta wa dada bado una vipande vya chupa, na simlaumu, kwa maana wezi wapo. Ila alimwita fundi akakata kidirisha katika geti, kwenye kimo cha uso, na akafunga taa upande wa nje, juu ya mahali anaposimama anayebisha hodi. Akigongewa usiku, huwasha taa, hufungua kidirisha, huuliza jina na shida, ndipo huamua. Wapo aliowanyima. Lakini kila aliyemnyima alikuwa amemtazama kwanza.

Mimi yule dereva sikumwona uso, na jina sikumuuliza.