Chupa Tatu za Kwenda Bukene

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kula sikukuu Bukene hana budi kuamua mambo mawili kabla hajafunga mzigo wake: apite njia gani, na achukue nini cha kuweka mezani pa watu. La kwanza ni jepesi. Bukene ni mji wa stesheni katika reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, na wazee wa huko hadi leo hupima umbali kwa stesheni. Mimi Desemba iliyopita nilipanda treni ya umeme hadi Dodoma, nikalala hapo usiku mmoja, kisha nikashika basi la Mwanza. Tuliipita Singida, tukateremka Sekenke, tukaikata mbuga ya Wembere iliyokwisha kuanza kujaa maji, na jioni nikashuka Nzega kutafuta gari dogo la kunifikisha kwa wakwe zangu.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Sababu yake ni aibu, nami sioni haya kumsimulia msomaji. Sikukuu iliyotangulia nilikwenda Bukene na chupa ya divai niliyoinunua kwa fedha nyingi. Baba mkwe alikuwa ameniandalia kibuyu cha wanzuki, pombe ya asali, aliyoitayarisha mwenyewe kwa asali ya mizinga yake. Nilipokaribishwa nikasema kwamba nimekuja na changu, nikafungua chupa. Mzee hakunijibu neno. Kibuyu kiliondolewa mezani, na siku mbili zilizobaki alinisalimu kama mtu amsalimuye karani wa stesheni. Mke wangu ndiye aliyenieleza baadaye, garini, kwamba nilikuwa nimemkataa baba yake mbele ya wanawe.

Basi safari hii nilikusudia chupa zinisaidie kurekebisha nilichoharibu, wala si kujionyesha.

Dodoma ndipo mahali pa kuzinunua. Zabibu zilipandwa pale na mapadri wa Bihawana katika miaka ya 1950, na baadaye kilimo hicho kikaenea kwa wakulima wa Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na Mvumi. Nchi ile ni kame na jua lake ni kali, lakini ukame huo ndio unaoufaa mzabibu, kwa kuwa unyevu mwingi huuletea ukungu. Tena kuna jambo ambalo mkulima wa Ulaya angelistaajabia: mzabibu wa Dodoma, ukipogolewa kwa wakati wake, huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti. Huko Ulaya baridi huulaza mti, hivyo mavuno ni mamoja tu.

Nilichukua nyekundu kavu moja, iliyotengenezwa kwa zabibu ziitwazo Makutupora, na nyekundu tamu moja. Nyekundu kavu huenda na mbuzi wa kuchoma na pilau ya mchele wa Bukene. Ule ukakasi wake husafisha mafuta kinywani. Usiipeleke kwa samaki, utaonja kama umelamba msumari. Samaki na kuku wa kuchemsha wanaitaka nyeupe, na nyeupe ya Dodoma si mbaya hata kidogo ikiwa imepoa. Tamu wengi wa wajuzi huidharau. Mimi nimeiona ikinywewa na matobolwa na karanga za kukaanga baada ya chakula, nami nasema wajuzi hao hawajala matobolwa.

Chupa ya tatu ilikuwa ya mapovu, kutoka Afrika Kusini. Hiyo ndiyo yenye vituko. Mapovu yake ni hewa ile ile iliyomo katika soda, lakini katika zile zitengenezwazo kama shampeni ya Ufaransa hewa hiyo huzaliwa ndani ya chupa yenyewe, nayo husukuma kwa nguvu ipatayo mara mbili au zaidi ya upepo wa gurudumu la gari. Ndiyo maana kioo chake ni kinene na kizibo hufungwa kwa waya. Ikitikiswa siku mbili ndani ya basi, kisha ikafunguliwa ingali na joto, nusu yake itakunywewa na dari. Ilazwe mahali poa usiku kucha, na wakati wa kuifungua shika kizibo imara, uzungushe chupa polepole, wala usikiache kizibo kiruke.

Na watu wasidhani kwamba kinywaji hicho ni kigeni katika njia hii. Mwaka 1871 Stanley alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na Tabora, akizuiliwa na vita vya Mirambo. Katika mizigo iliyoletwa kutoka Bagamoyo mabegani pa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ilikuwamo chupa ya shampeni. Aliifungua Ujiji alipomkuta Livingstone, wakainywa katika vikombe vya fedha. Mpagazi aliyeibeba hatajwi. Nami nimefikiri mara nyingi juu ya mtu huyo, aliyetembea miezi mingi na chupa asiyoijua ladha yake, bila kuivunja, wakati mimi nilishindwa kuilinda ya kwangu katika basi lenye viti vya sponji. Kizibo chake kilikuwa kimeanza kusogea tulipofika Nzega.

Kupoza vinywaji Bukene kuna elimu yake. Majokofu yapo, lakini usiku wa mkesha umeme ulikatika. Wakati wa kiangazi mtungi wa udongo, au kitambaa kibichi kilichozungushwa chupani mahali penye upepo, hufanya kazi nzuri. Desemba mvua zimeshaanza, hewa ina unyevu, na mbinu hiyo hupungua nguvu. Shemeji yangu alizifunga chupa kwa kamba akazitumbukiza kisimani. Hazikuwa baridi kama za hoteli, lakini zilinyweka.

Siku yenyewe ya Krismasi tulikaa chini ya mwembe. Mashemeji wawili ni Waislamu, nao waliandaliwa sharubati ya ukwaju na tangawizi katika gudulia lao na bilauri zao. Watoto wote waliwahamia, na kwa kweli sharubati hiyo iliwashinda wengi wetu kwa ladha. Mama mkwe alikula upande wa wanawake, kama ilivyo heshima. Nilizipanga chupa zangu tatu mkekani, bila kuzifungua, nikamwambia baba mkwe:

"Baba, hizi ni za kusindikiza. Naomba kwanza cha nyumbani."

Alinitazama kitambo. "Mwaka ule hukutaka."

"Mwaka ule sikujua, baba. Nisamehe."

Hakusema kwamba amenisamehe. Alimtuma mjukuu ndani, na kibuyu kikaja.

Wanzuki ya mzee hutengenezwa kwa asali nyeusi ya miombo, iliyokorogwa na maji na kuachwa mahali penye joto siku kadhaa ichachuke. Ikinywewa ingali inachachuka, huchemka ulimini na kuacha harufu ya maua na moshi. Naam, hiyo ndiyo divai ya mapovu ya Unyamwezi, na inaikaribia ile ya chupa kuliko nilivyotazamia. Tahadhari moja tu: usiitie katika chupa ya soda ukakaza kifuniko ili uibebe kwenda mjini. Inaendelea kuchachuka humo ndani, na kioo cha soda hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kibuyu hupumua.

Baada ya kibuyu kuzunguka ndipo nyekundu kavu ilipofunguliwa pamoja na mbuzi. Wazee walisema ni chungu. Tamu waliimaliza. Ile ya mapovu nilimkabidhi baba mkwe aifungue mwenyewe, nikamwelekeza namna ya kuzungusha chupa. Aliizungusha taratibu, kizibo kikatoka kwa mguno mdogo, na hakuna tone lililomwagika. Alionja, akatafakari, akasema asali yake ina nguvu zaidi. Kisha akaomba aachiwe ile chupa tupu kwa unene wa kioo chake, atie mafuta ya taa.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta kando ya mzigo wangu dumu dogo la asali mbichi, limefungwa vizuri kwa nailoni, na mjukuu amesimama kulilinda dhidi ya siafu.