Mipira Mipya ya Motokaa

Siku hizi motokaa si kitu cha ajabu katika vijiji vyetu. Hupeleka viazi na kabichi sokoni, huchukua wagonjwa hospitali, na mara nyingi mwenye nayo si tajiri, bali ni kikundi cha watu waliochanga shilingi kwa shilingi. Kwa hiyo swali nitakalolieleza hapa si la mafundi peke yao. Lamhusu kila atoaye mchango wake. Je, motokaa ikivishwa mipira mipya, ni lazima magurudumu yake yapimwe na kunyooshwa, yaani kazi ile ambayo mafundi huiita alaimenti?

Swali hili lilizuka kwetu Usambara mwaka 2023, motokaa ya kikundi chetu ilipohitaji mipira minne. Mtunza fedha, mzee mwenye hadhari nyingi, alisema, "Tulikubaliana kununua mipira. Mpira mpya ni mzima, tena mviringo. Kuna nini cha kunyoosha?" Dereva akamjibu kwa adabu, "Baba, fundi wa mjini asema kila mipira mipya lazima na kipimo." Hawakupatana. Nami kwa kuwa nafundisha hesabu, wakaniambia, "Mwalimu, wewe tazama, utuamue." Nikaenda kwa mafundi, nikauliza, nikainama chini ya motokaa nikaonyeshwa.

Kwanza yafaa tujue ni nini kinachonyooshwa. Mwelekeo wa gurudumu hautoki katika mpira. Watoka katika vyuma vilivyolishika gurudumu, pamoja na bushi zake, na katika zile fimbo za usukani ziitwazo tairodi. Fundi hupima mambo matatu. La kwanza, kama magurudumu mawili yatazama mbele sawasawa, au yameelekeana kama miguu ya mtu atembeaye akigeuza vidole ndani. La pili, kama gurudumu limesimama wima au limeinama. La tatu, mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia juu yake, ambao husaidia usukani kurudi katikati baada ya kona. Kuvua mpira na kuvisha mwingine hakugusi hata moja la mambo hayo. Hapa mzee wetu alisema kweli: mpira mpya haupotoshi gurudumu.

Lakini ni kweli vilevile kwamba mpira mpya haulinyooshi gurudumu lililokwisha kupotoka. Shimo moja la barabarani, jiwe, au bushi iliyochakaa yatosha kulipotosha. Na kosa hilo hubaki pale pale, likaanza kuula mpira mpya kama lilivyoula wa kwanza.

Natufanye hesabu. Tuseme mpira una kipenyo cha sentimita 60, na ukingo wake wa mbele umeelekea ndani kwa milimita 3 kuliko ule wa nyuma. Milimita 3 katika 600 ni sawa na mita 5 katika kila kilometa 1. Motokaa yaenda mbele, mpira wataka kwenda kando. Na kwa kuwa hauwezi, husuguliwa. Katika safari ya kilometa 100, ni kana kwamba umeburutwa ubavu mita 500. Jicho halioni milimita 3, lakini mpira huzihisi kila siku.

Basi tutajuaje? Shahidi yupo, naye ni mpira mkuukuu, ule ambao watu huutupa bila kuuliza neno. Ukiwa umelika sawasawa pande zote, ni dalili njema. Ukilika katikati tu, ulijazwa upepo kupita kiasi. Ukilika kingo zote mbili, huenda upepo ulikuwa haba. Katika barabara ya kona nyingi, kama ile ishukayo kutoka Lushoto hata Mombo, ukingo wa nje waweza kulika kwa sababu ya kona zenyewe. Bali ukilika ukingo mmoja tu wa ndani, au ukiupapasa kwa kiganja ukaona ni laini upande huu na wakwaruza upande huu, ujue gurudumu limepotoka.

Mipira yetu miwili ya nyuma ilikuwa imelika sawa. Ule wa mbele wa kushoto ulikuwa na meno mazuri kwa nje, lakini kwa ndani nyuzi za chuma zilikuwa karibu kuonekana. Nilishikwa na baridi, maana wiki ile ile motokaa hiyo ilikuwa imemteremsha mlimani mama mjamzito. Fundi akatikisa gurudumu, akaona tairodi imelegea. Ikabadilishwa kwanza, ndipo vipimo vikachukuliwa. Kwa kuwa kunyoosha kitu kilicholegea ni kazi bure.

Tena tusichanganye kazi hii na balansi. Balansi ni kusawazisha uzito wa gurudumu kwa vipande vidogo vya madini vinavyobandikwa kwenye ringi, ili lisitetemeke likienda kasi. Hiyo yapasa kufanywa kila mpira mpya uvishwapo.

Jibu nililowapa wenzangu ni hili. Ikiwa mipira mikuukuu imelika sawa, motokaa haivuti upande, usukani umekaa katikati, wala hakuna chuma kilichogongwa au kubadilishwa, si lazima kunyoosha. Ikionekana dalili moja tu kati ya hizo, ni lazima, tena kabla mipira mipya haijaenda mbali. Na penye shaka, ni heri kupima, kwani bei ya kipimo ni ndogo mbele ya bei ya mipira minne. Mkilipa, ombeni karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, kwa kuwa mashine nyingi za siku hizi huweza kuitoa; hapo mtunza fedha atajua alicholipia.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, siku kikundi chenu kinunuapo mipira, mmoja wenu afuatane na dereva. Kabla ile mikuukuu haijatupwa, aipapase kwa mkono wake, nje na ndani. Hasa ndani, kusikoonekana na mtu asimamaye kando ya njia.