Joho la Mirambo

Mwaka 1984, ilipotimia miaka mia tangu mtemi Mirambo wa Wanyamwezi afariki, kikundi chetu cha maigizo pale Tabora kilitengeneza filamu fupi ya kumkumbuka. Mimi nilikabidhiwa mavazi na vifaa. Mwongozaji, kijana aliyetoka Dar es Salaam na kamera yake, alikuwa amekata shauri kabla hajashuka kwenye treni: Mirambo atavaa ngozi ya chui, manyoya kichwani, mkuki mkononi.

Nikakataa. Nilikuwa nimesoma maelezo ya msafiri Stanley, aliyekutana na Mirambo mwaka 1876. Alimtarajia jambazi, akamkuta mtu mrefu, mpole, wa sauti ya chini, amevaa kilemba, joho la Kiarabu na makubadhi, ana kitara, na vazi lililo chini ya joho ni jeupe pepepe. Naye ndiye aliyeingia vitani na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, akaifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Mtu anayevaa vazi la adui wake kwa raha namna ile hajioni mdogo mbele ya yeyote. Ngozi ya chui ingemwambia mtazamaji kwamba huyu ni mtemi, basi. Joho lingemwambia ni mtemi wa namna gani.

"Mama, watu watamdhania Mwarabu," mwongozaji alisema.

"Watamtazama usoni, baba. Usoni hatumvishi kitu."

Joho tuliliazima kwa bibi mmoja wa familia ya Kiarabu pale mjini. Alipoambiwa atakayelivaa, aliuliza, "Mirambo huyu huyu aliyetufungia njia?" Akacheka, akafungua sanduku, harufu ya udi ikajaa chumbani. Kitambaa cheupe ndicho kilichotutesa. Miaka ile nguo zilikuwa adimu, watu wakipanga foleni dukani tangu alfajiri. Kanzu ya mtemi ikashonwa kwa shuka za harusi za mke wa mwigizaji mwenyewe, Mungu amlipe.

Wapagazi wa msafara tuliwapiga picha Itetemia, chini ya miembe. Pembe za ndovu tulizichonga kwa mti mwepesi, na mitumba tukaijaza majani makavu. Vijana wakatembea kama waendao kutazama mpira! Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha kilo thelathini, na juu yake mkeka, sufuria na chakula chake. Nikaamuru mitumba ifunguliwe, ijazwe udongo. Haikupita nusu saa shingo zikakaza, hatua zikafupika, soga zikaisha. Hakuna aliyehitaji kuelekezwa tena namna ya kuigiza. Manyoya aliyoyataka mwongozaji nayo yakapata mwenyewe: kirangozi aliyetangulia na bendera, kwa vazi jekundu na ngozi ya mbega mgongoni, kama msafiri Burton alivyowaona viongozi wa misafara alipopita huku mwaka 1857. Kirangozi alitakiwa aonekane kutoka mbali. Mirambo hakuwa na haja hiyo.

Tulipoionyesha, wazee wawili walibishana juu ya joho hadi jenereta ikazimwa. Mmoja alisema tumemdhalilisha mtemi; mwenzake akasema hajapata kumwona Mirambo mkubwa kama yule. Mimi nilikuwa upande wa huyo wa pili, na hadi leo sijahama.